Miaka 50 ya sanduku la Pelican, na mzee wa mpira asiyetajwa

Mwaka huu kampuni ya Pelican ya Marekani inatimiza miaka 50. Jina hilo huenda lisimwambie kitu mwananchi wa kawaida, lakini masanduku ya aina yake ameyaona: meusi, ya plastiki nene, yenye makomeo mawili mbele na kitufe cha duara karibu na mpini. Wapiga picha za harusi wanayo. Wapimaji wa ardhi huyafunga kamba nyuma ya pikapu. Na Tanzania ilipoandikisha wapigakura kwa mashine za BVR mwaka 2015, masanduku magumu ya ukoo huo yalifika hadi kwenye vijiji ambavyo barabara yake ni ya kubahatisha.

Hatua za mwanzo zinasimulika haraka. Dave Parker, mpenzi wa kuzamia baharini, alianza na mkewe Arline mwaka 1976 katika gereji ya nyumba yao mjini Torrance, California. Mzamiaji hahitaji kuelezwa kwamba kamera ikiingiwa na maji ya chumvi, ndiyo basi tena. Hata hivyo, wazo halikuwa geni. Mwaka 1938 tajiri wa mafuta Erle Halliburton, aliyechoshwa na vumbi la mashamba ya mafuta ya Texas, alijitengenezea mikoba ya aluminiamu. Mwaka 1954 James Hardigg alianzisha huko Massachusetts kampuni iliyokuja kusifika kwa masanduku ya jeshi. Plastiki yenyewe, polipropilini, iligunduliwa mwaka 1951 na Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya mafuta ya Phillips. Makampuni makubwa yakaigombania hataza yake mpaka mwaka 1983, Phillips walipoipata.

Haja ya sanduku kama hilo sisi tunaijua tangu zamani. Richard Burton na John Speke walipotoka Pwani mwaka 1857 kwenda kulitafuta ziwa, walibeba saa za kupimia majira zilizokuwa na thamani kubwa. Mitikisiko ya vichwani mwa wapagazi, mvua na unyevu vikazimaliza saa zote. Vipimajoto vizuri navyo vikavunjika, wakabaki kuchemsha maji na kusoma kipimajoto cha kuogea ili wakadirie kimo cha Ziwa Tanganyika. Jibu walilopata lilikosea kwa mamia ya futi, na hesabu hiyo mbovu ikaingia kwenye ugomvi wao maarufu kuhusu chanzo cha Mto Nile. Kasha la Pwani, la msaji na misumari ya shaba, lilitunza hariri na hati. Kwa saa kama hizo lisingefua dafu.

Lakini fundi mmoja wa kamera wa Dar es Salaam, niliyemwendea kwa ajili ya makala haya, hakutaka hata kuzungumzia plastiki. Kwake, sanduku ni mbwembwe tu. Mali iko kwenye oringi, ule mpira mwembamba uliozunguka ukingo wa kifuniko. Aliung'oa kwa ukucha wa kidole gumba, akapangusa mfereji wake kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka na mchanga. Punje moja ilikuwa imeubonyeza mpira mpaka ikaacha kishimo, na hapo, alisema fundi, ndipo maji yangepita siku ya siku. Hivyo nikaenda kumtafuta mwenye mpira.

Anaitwa Niels Christensen. Alizaliwa Denmark mwaka 1865, akahamia Marekani mwaka 1891. Kule alibuni breki za upepo kwa ajili ya tramu, uvumbuzi uliookoa maisha ya abiria wengi, ila haki zake zikapita mkono huu na mkono ule mpaka zikaishia kwa kampuni ya Westinghouse. Mtu mwingine angekata tamaa. Mzee huyu alianza upya akiwa amekaribia miaka 70, umri ambao wengi wameshawaachia watoto shamba.

Tatizo lililomsumbua lilikuwa la bomba na pistoni: vipi mafuta yenye msukumo mkubwa yasivuje pale chuma kinapoteleza ndani ya chuma? Wenzake walitumia ngozi na vipande vya mpira vilivyolika upesi. Christensen alichukua mpira wa duara, akauweka katika mfereji mpana kidogo kuliko unene wa mpira wenyewe, lakini wenye kina pungufu ili mpira ubanwe. Msukumo ukija, mpira hausukumwi nje. Unabanwa upande mmoja wa mfereji na kuziba zaidi. Yaani adui mwenyewe ndiye anayefunga mlango. Aliomba hataza mwaka 1937, akiwa na miaka 72, akaipata Novemba 1939.

Jeshi la anga la Marekani likaujaribu mpira huo kwenye magurudumu ya ndege, ukafanya kazi. Hapo ndipo neema ilipogeuka. Marekani ilipoingia vitani, serikali ilitangaza kwamba oringi ni kitu muhimu kwa vita, ikazinunua haki zake na kuwaruhusu watengenezaji wengine waitoe. Mzee akapewa dola 75,000 kwa mkupuo. Fikiria oringi ngapi ziko duniani leo: kwenye bomba la jikoni kwako, kwenye injini ya bodaboda, kwenye jeki ya gereji. Christensen alifariki mwaka 1952 na madai yake yakiwa hayajaisha. Mwaka 1971, miaka 19 baada ya mazishi, familia yake ililipwa dola 100,000. Ukiniuliza mimi, huo ni ujira wa kibarua kwa mtu aliyeiziba dunia nzima.

Dunia ilikuja kukumbushwa uzito wa mpira huo tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka na kuua watu saba waliokuwamo. Oringi za roketi zilikuwa zimekakamaa kwa baridi ya asubuhi hiyo. Mwanafizikia Richard Feynman aliwaonyesha watu hadharani kwa kutumbukiza kipande cha mpira kwenye maji ya barafu. Kwetu baridi si tatizo. Mpira wetu huuawa na jua na mchanga.

Turudi kwenye kile kitufe karibu na mpini. Ni valvu, na anayesafiri kati ya Nairobi na Mombasa ana sababu ya kuijali. Nairobi iko karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi. Ukifunga sanduku kule na kulifungua Mombasa, hewa nzito ya Pwani inakandamiza kifuniko kutoka nje. Kwa sanduku la ukubwa wa sentimeta 50 kwa 35, nguvu hiyo inazidi uzito wa kilo 300. Ni kama watu wanne wamelikalia. Valvu ikiwa nzima, hewa hupita na maji hubaki nje. Ikiziba, utavunja makomeo bure ukidhani yameshika kutu.

Baada ya hapo historia ni ya karatasi za biashara: Pelican iliuzwa mwaka 2004, ikainunua Hardigg mwishoni mwa 2008, ikauzwa tena 2021. Sokoni yamejaa masanduku ya kuiga, na mengine si mabaya. Alama ya IP67 maana yake sanduku linahimili kuzamishwa meta moja kwa dakika 30. Asiyeamini alama aweke karatasi za chooni ndani, alizamishe kwenye pipa kwa muda huo, kisha afungue aone. Muuzaji akikataa jaribio hilo, umeshapata jibu.

Kinachouma ni namna tunavyoyatunza. Nimeona stoo za ofisi za umma ambamo vipimo vya mamilioni vimelala kwenye maboksi ya kadibodi, huku sanduku lililokuja navyo likihifadhia sukari na vikombe vya chai ya saa nne. Kwingine lipo kazini, ila mpira wake haujapanguswa tangu lilipotoka bandarini. Oringi ya akiba ni kitu kidogo kuliko vyote katika zabuni ya vifaa, na sijawahi kuiona imeandikwa humo. Maofisa ununuzi, iandikeni.