Maduara Mawili, Uwanja Mmoja: Ngoma za Kusafiri katika Ukanda wa Runzewe

Mwaka 1768 jijini London, Philip Astley, aliyekuwa askari wa farasi, alianza kuonyesha watu namna anavyoweza kusimama juu ya mgongo wa farasi anayekimbia kwa kuzunguka duara. Watu walilipa kumtazama. Kutokana na duara lile Ulaya na Marekani zilipata sarakasi yao: hema, tiketi mlangoni, wanyama, watembea juu ya kamba, na msafara unaoingia mjini alfajiri na kutoweka kabla watu hawajamaliza kubishana kuhusu walichokiona. Ukanda ulio kusini na magharibi mwa Ziwa Victoria, kutoka Sengerema na Geita hadi Kahama na Bukombe, haukungoja hema hilo. Ulikuwa na wasafiri wake wenye chatu, nungunungu na hata fisi, na utaratibu wao ulimzidi Astley kwa jambo moja. Maduara yalikuwa mawili, saa ileile, katika uwanja uleule, na mtazamaji alikuwa huru kulihama moja kwenda jingine.

Runzewe ni mahali pazuri pa kuisomea historia hii kwa sababu ni mji wa wapitaji. Barabara kuu itokayo Kahama kupitia Ushirombo hufika hapo na kuendelea Nyakanazi, kisha kwenye mipaka ya Rwanda na Burundi. Nyingine huchepuka kwenda kaskazini, Bwanga. Kiutawala mji umehamishwa mara kadhaa bila kusogea hata hatua moja: ulikuwa ndani ya Wilaya ya Kahama, ukawa wa Bukombe wilaya hiyo ilipoundwa miaka ya 1990, na mwaka 2012 ukatolewa Mkoa wa Shinyanga na kuwekwa Mkoa mpya wa Geita. Wenyeji wake wa asili, Wasumbwa, walikuwa watu wa safari tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara yao ya biashara ilifika Katanga, na mmoja wao, Msiri, alijenga himaya kule na makao yake Bunkeya, mpaka alipouawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka huohuo Mapadre Weupe walifungua misheni yao Ushirombo. Kwa hiyo simulizi ya mji mdogo uliolala mpaka mgeni wa ajabu alipokuja kuuamsha haikai vizuri hapa. Mgeni wa ajabu aliwakuta wenyeji wanaojua wageni.

Waliozileta ngoma za mashindano kwa wingi ni Wasukuma, na walizileta pamoja na ng'ombe. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya mkoloni iliwaondoa watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kwenye mapori ya mbung'o na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Baadaye mwelekeo uligeuka. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulilenga kupunguza msongamano wa watu na mifugo katika maeneo ya kati na kuwafungulia ardhi ya Geita. Mapori yalifyekwa, pamba ikapandwa, na familia ziliendelea kusogea magharibi mwaka hadi mwaka. Aliyehama na jembe na ndama alihama pia na chama chake cha ngoma, kwa sababu kwa Msukuma wa wakati ule kuwa Mgika au Mgalu, yaani mtu wa moja ya pande mbili za ngoma, kulikuwa sehemu ya utambulisho wake, kama ukoo.

Masimulizi ya Usukuma yanawataja mafundi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, wote waganga na wote wachezaji, waliotaka kujua nani kati yao ana dawa yenye nguvu zaidi. Hawakupigana. Walikubaliana kucheza, umati uamue. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na tangu hapo karibu kila ngoma ya Usukuma, hata iliyobuniwa juzi, hujikuta imeegemea upande mmoja. Mwanahistoria anaweza kuuliza kama mambo yalitokea hivyo kweli. Mimi naona swali lenye faida zaidi ni kwa nini jamii ilichagua kusimulia asili ya sanaa yake kama ugomvi uliosuluhishwa na watazamaji.

Msimu wake ni baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, ghala limejaa na mikono imepumzika. Vikundi viwili hukaribishana mapema, siku ikatajwa, habari ikasambaa kwa miguu na baadaye kwa baiskeli. Siku ikifika kila upande unashika pembe yake ya uwanja na kuanza. Hakuna mwamuzi, hakuna kipimo isipokuwa ukubwa wa umati. Ngoma za Bagika zikichangamka, watu hukusanyika kwao. Ghafla kelele hupanda kwa Bagalu, na wote hukimbilia huko, watoto mbele, kina mama wakiwa wamejifunga kanga viunoni. Anayebaki na watu wengi jioni ndiye mshindi.

Hapo ndipo maajabu yalipozaliwa. Ukimwona mtazamaji anageuka kuondoka, huna budi kumpa sababu ya kubaki. Manju, ambaye ndiye mtunzi na kiongozi, alitafuta kila mwaka kitu ambacho wenzake hawajawahi kukiona. Wachezaji walichonga sanamu za mbao za watu na kuzifanya zichezeshwe mbele ya umati. Walivaa njuga na ngozi, wakajipaka rangi. Walitunga nyimbo za kumdhihaki mpinzani kwa jina. Kila kikundi kilikuwa na mganga wake wa ngoma, na dawa za aina mbili: za kuvuta watu na za kujikinga na dawa za upande wa pili. Aliyeshindwa hakusema amecheza vibaya, alisema amezidiwa dawa, na alikwenda kutafuta mwalimu mwingine, hata mbali. Biashara hiyo ya kutafuta dawa ndiyo iliyowafanya mafundi wasafiri kuliko hata mialiko yenyewe.

Waliosafiri zaidi, na waliotisha zaidi, ni Bayeye. Hawa ni chama cha watu wa nyoka, chenye daraja zake, ada zake na siri zake, na mtu aliingia kwa kufundwa. Mbele ya watu walicheza na chatu shingoni na kuwashika swila na vifutu kwa mikono mitupu. Wafanyabiashara wa sokoni walifunga vibanda wakaja kutazama. Wengine waliapa kwamba meno ya nyoka yameng'olewa, wengine kwamba nyoka ni mizimu. Lakini uchezaji ulikuwa mlango tu. Nyuma yake kulikuwa na kazi ya tiba. Mwanachama alichanjwa mara kwa mara kwa dawa iliyopakwa kwenye michanjo midogo ya ngozi, alijifunza tabia za kila nyoka na mahali pake pa kujificha, na katika vijiji vilivyokuwa siku kadhaa kutoka hospitali yeye ndiye aliyeitwa mtu akiumwa shambani. Onyesho lilikuwa tangazo lake. Mkulima aliyemwona akimshika kifutu Jumamosi alijua amwite nani Jumanne.

Wazungu waliuona utajiri huu mapema kuliko wasomi wetu. Mwaka 1926 msafara wa Taasisi ya Smithsonian uliogharimiwa na Walter Chrysler, mtengenezaji wa magari, ulikuja Tanganyika kukamata wanyama hai kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Washington, wakiwamo twiga. Kiongozi wake, William Mann, alikuwa mpenzi mkubwa wa sarakasi. Mmoja wa wasafiri, Frederic Carnochan, alivutiwa na watu wa nyoka wa Unyamwezi, akajitahidi kuingizwa katika chama chao, na mwaka 1935 akatoa pamoja na mwenzake kitabu juu yao kiitwacho The Empire of the Snakes. Kitabu kina majigambo mengi ya mzungu aliyefunuliwa siri. Baadaye Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, aliwaandika Bayeye wa Usukuma kwa utulivu zaidi, akieleza chama chenye sheria na mafunzo. Nikilazimika kuchagua, namfuata Cory, ingawa naye alikuwa mtumishi wa serikali iliyotaka kumjua kila mwenye wafuasi.

Banunguli nao walikuwa wawindaji wa nungunungu. Mnyama huyo humaliza mazao usiku na kulala mchana shimoni. Wao waliingia kwenye pango lake kwa tumbo, gizani, na kumtoa. Mavuno yakiisha waligeuza ujasiri huo kuwa mchezo, wakivaa miiba yake na mara nyingine wakija naye uwanjani akiwa hai. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ni ileile kazi ya shamba: kikundi kiliajiriwa kulima, kikalima kwa mdundo, majembe yakirushwa hewani na kudakwa, na malipo yalikuwa ng'ombe au chakula kilicholiwa kwa pamoja. Jembe lililochezewa uwanjani mwezi Julai lilikuwa lilelile lililopindua udongo mwezi Desemba. Ndiyo maana nasita mtu anapoziita ngoma hizi burudani. Zilikuwa vyama vya kazi, hospitali na shule, vyenye siku moja kwa mwaka ya kujionyesha.

Mashindano ya pande mbili hayakuwa ya Wasukuma peke yao. Pwani, ngoma ya beni iliyoenea tangu mwisho wa karne ya 19 iligawa miji kati ya Marini na Arinoti, ikasafiri na wapagazi na askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia hadi bara. Tofauti ni kwamba beni iliiga gwaride la mzungu, wakati Bagika na Bagalu waliendelea kushindana kwa dawa.

Kanisa mwanzoni lilizitazama ngoma hizi kwa jicho baya, kwa sababu ya dawa hizohizo. Aliyegeuza mambo ni Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyefanya kazi Bujora, karibu na Mwanza, kuanzia miaka ya 1950. Aliziingiza ngoma katika sikukuu ya Ekaristi, iitwayo Bulabo, mwezi Juni, nayo ikawa tamasha ambalo Bagika na Bagalu hushindana mpaka leo. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa hapo mwaka 1968 yana banda maalumu la vyama vya ngoma. Nyoka wa Bayeye na sakramenti wakajikuta katika wiki moja, na sijasikia kwamba dunia ilianguka.

Sarakasi yenyewe, ile ya kupinduka na kupandana mabegani, ilikuja kwa njia ya serikali. Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni na Vijana mwaka 1962, kikundi cha taifa cha ngoma kikafuata, na vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi. Waliporudi mwaka 1969 kiliundwa kikundi cha taifa cha sarakasi. Vikundi hivyo vilivunjwa baadaye, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981, na ufundi wa Kichina ukamwagika mitaani. Vikundi vya kibiashara kama Muungano cha Dar es Salaam viliuweka katika onyesho moja na ngoma, maigizo, vichekesho na taarabu, na mwaka 1992 kikundi cha TOT cha Kapteni John Komba kikaingia katika ushindani huo. Tazama mambo yanavyojirudia: Muungano na TOT walipokutana, umati uligawanyika pande mbili kama uwanja wa Usukuma.

Dhahabu ndiyo iliyobadilisha mambo zaidi. Geita ilikuwa na mgodi mkubwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kisha wachimbaji wadogo walifurika miaka ya 1980 na 1990, na mgodi mkubwa wa kisasa ukafunguliwa mwaka 2000. Kwenye rashi, yaani mbio za kufuata dhahabu iliyogunduliwa, watu huhama ndani ya juma moja, na fedha hupatikana mwezi wowote. Msimu wa mavuno ukapoteza amri yake. Onyesho likahamia kwenye minada, kumbi na baa, likawekewa kiingilio na spika, na manju akawa msanii wa kukodiwa. Waimbaji wa Kisukuma kama Bhudagala Mwanamalonja husikika kwenye simu za madereva na wachimbaji, na wacheza ngoma wanaonekana kwenye video. Sanaa haijafa. Kilichopungua ni upande wa pili. Msanii wa kukodiwa huja peke yake, mtazamaji hana pa kukimbilia, na mganga wa nyoka aliyekuwa akijitangaza kwa mchezo amebaki na tiba bila mchezo, au mchezo bila tiba.

Kwa maoni yangu, mchango mkubwa wa ngoma hizi kwa mji mdogo ulikuwa kuwazoesha watu kuhukumu hadharani kwa miguu yao, bila kuogopa mganga wala mtemi. Uzoefu huo unahitaji kitu kimoja cha kawaida sana: ardhi tupu yenye nafasi ya umati mara mbili. Miji ya ukanda huu inakua upesi, na viwanja vya wazi vinapimwa kuwa vya nyumba na maduka. Halmashauri ya Wilaya ya Bukombe na wazee wa Runzewe wangefanya jambo la maana kutenga uwanja mmoja mpana usiouzwa, na kuwaalika Bagika na Bagalu kila Julai waje pamoja, siku moja, bila kiingilio.