Miguu Mitatu ya Kamera Kubwa

Wenye kitabu, fungueni ukurasa huu, mfuate maneno kwa macho huku mkisikiliza.

Mpiga picha anaposifiwa, watu husifu jicho lake au kamera yake. Hapana anayeisifu stendi ya miguu mitatu iliyoibeba kamera hiyo. Lakini stendi ikitikisika picha huharibika, hata jicho likiwa kali na kamera ikiwa ya bei kubwa. Sikilizeni kisa hiki.

Kwanza nawaulizeni: kwa nini miguu mitatu, na si minne? Wewe unayepika wajua jibu. Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Mawili nayo hayatoshi. Lakini mafiga yakiwa matatu, chungu hutulia hata kama ardhi si sawa. Itazame meza ya miguu minne juu ya sakafu mbovu: mguu mmoja huning'inia, na meza hucheza. Miguu mitatu hugusa chini yote.

Sasa twende California, upande wa magharibi wa Marekani. Mwaka 1861, fundi wa picha wa mji wa San Francisco, jina lake Carleton Watkins, alisafiri mpaka bonde la Yosemite. Bonde hilo limezungukwa na majabali makubwa. Moja, liitwalo El Capitan, lina kimo cha futi 3,000 hivi toka chini ya bonde. Wenyeji wake walikuwa watu wa kabila la Ahwahneechee, ambao askari waliwafukuza mwaka 1851. Watu wa miji ya mashariki walizisikia sifa za bonde hilo, lakini wachache sana walikuwa wameliona.

Watkins alitaka wauone ukubwa wake. Lakini siku zile haikuwa rahisi kuikuza picha. Fundi aliweka karatasi yenye dawa juu ya kioo cha picha, akaviacha juani, na picha ikatoka sawasawa na ukubwa wa kioo. Basi mwenye kutaka picha kubwa alihitaji kioo kikubwa, na kioo kikubwa kilihitaji kamera kubwa. Watkins aliagiza kamera ya kubeba vioo vya inchi 18 kwa 22. Nyumbu walimbebea kamera, vioo, dawa na hema la giza katika njia za milimani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya hema alimimina dawa juu ya kioo, akakitia katika maji ya fedha, akakikimbiza kwenye kamera kingali kibichi. Kikikauka kabla ya kumaliza, kazi imepotea. Kisha alifungua lenzi na kungoja. Hakungoja kufumba na kufumbua kama tufanyavyo leo. Alingoja sekunde nyingi, na pengine dakika nzima au zaidi. Katika muda huo wote kamera haikutakiwa kusogea hata unene wa unywele.

Hapo ndipo tunapoona thamani ya ile miguu. Kamera kubwa ni kama tanga: upepo mdogo tu huisukuma. Tena ni nzito upande wa juu, kama mtu aliyebeba gunia kichwani. Miguu myembamba haiwezi kuituliza. Watkins alirudi na vioo vikubwa 30 hivi, na picha zake zilionyesha miti, maji na mikunjo ya majabali waziwazi.

Mwaka 1862 picha hizo zilionyeshwa New York, na nyingine zikafika Washington kwa watu wenye kutunga sheria. Tarehe 30 Juni 1864, nchi ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kulihifadhi bonde hilo kwa faida ya watu wote. Wanahistoria wengi huzihesabu picha za Watkins katika mambo yaliyosaidia sheria hiyo. Je, picha zenye ukungu zingemsadikisha nani?

Kamera kubwa zingali zikitumika leo, na mafundi wa kale wametuachia mafunzo ya kuchagua stendi. Chagua stendi inayoweza kubeba angalau mara mbili ya uzito wa kamera yako. Miti migumu hufaa sana, kwa sababu hunyamazisha mtikisiko upesi; chuma chembamba hulia kama kengele. Siku hizi ipo pia miguu ya nyuzi za kaboni, myepesi na imara. Kichwa cha stendi kiwe kipana, kamera ikae kama chungu juu ya mafiga yake. Ncha za miguu ziwe kali, zipate kushika ardhi. Mlimani, weka miguu miwili upande wa bondeni na mmoja upande wa juu. Upepo ukivuma, ning'iniza mfuko wa mawe katikati. Na kabla hujatoa fedha dukani, funga kamera juu yake, uiguse kwa kidole, utazame. Ikiendelea kutetemeka, mrudishie mwenyewe stendi yake.

Mwisho wa Watkins ni wa huzuni. Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa San Francisco, na moto uliofuata ukateketeza chumba chake cha kazi pamoja na vioo vyake. Wakati huo alikuwa karibu kuwa kipofu. Alikufa mwaka 1916. Lakini picha zilizokuwa zimekwisha kuchapwa na kusambaa zilisalia, na mpaka leo zatazamwa.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini miguu mitatu hutulia kuliko minne?
2. Kwa nini Watkins alihitaji kamera kubwa namna ile?
3. Taja kazi moja ya kwenu ambayo watu husifu kilicho juu, wakasahau kilichokibeba.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.