Mzigo na Bega: Vifaa vya Kambi katika Historia ya Mwambao wa Kasenyi

Kasenyi, bandari ya wavuvi katika ufuo wa kusini-magharibi wa Ziwa Albert, iko kwenye kimo cha mita zipatazo 620 juu ya usawa wa bahari, ilhali Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri, iko kwenye nyanda za juu zinazozidi mita 1,200, kwa hiyo anayetoka mjini kwenda ziwani kwa njia ya Bogoro hushuka ukingo mkali wa bonde la ufa, na anayerudi hana budi kuupanda. Leo kupanda huko ni kazi ya injini ya lori. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 kulikuwa kazi ya mabega ya watu, na kila hema, kitanda, sanduku au mashua iliyofika katika mwambao huu ilipimwa hapo ikajulikana thamani yake. Swali la kama kifaa chepesi kilichogharimu fedha nyingi kinafaa kuliko kile cha bei ndogo, ambalo siku hizi huulizwa zaidi na watu wanaopiga kambi kwa starehe, liliulizwa Kasenyi na pande zake wakati ambapo jibu baya liligharimu maisha, na historia yake inaonyesha kuwa jibu lilitegemea sana ni nani aliyelipa na ni nani aliyebeba.

Katika biashara ya misafara iliyounganisha pwani ya Waswahili na bara, vipimo vyote vilianzia kwenye mwili wa mpagazi. Bidhaa zilipimwa kwa frasila, yaani kipimo cha ratili 35 kinachokaribia kilo 16, na mzigo wa mtu mzima ulikuwa kama frasila mbili, ingawa Wazungu waliokodi wapagazi Zanzibar walizoea kuhesabu ratili 60 hadi 65. Juu ya mzigo huo mpagazi aliongeza vitu vyake mwenyewe, kama mkeka, chungu, posho na mara nyingi bunduki. Mwenye msafara aliyenunua kifaa Ulaya alikuwa kwa hakika ananunua pia bega la kukibeba, pamoja na mshahara na chakula cha mwenye bega hilo kwa miezi au miaka. Ndiyo maana mafundi wa London waliojua biashara ya safari za Afrika hawakuuza wepesi kwa maana ya leo. Walichouza ni ugawanyikaji, yaani ufundi wa kukikata kitu kizito katika vipande ambavyo kila kimoja kingeweza kuchukuliwa na mtu mmoja au wawili.

Ufundi huo haukuaminika siku zote. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliagiza mashua ya mbao za mwerezi iliyoitwa Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, ambayo ilipaswa kutengana vipande vitano vyepesi, lakini ilipofika Zanzibar ikaonekana kwamba baadhi ya vipande vilikuwa na uzito wa ratili 280, yaani kilo 127, zaidi ya mara mbili ya uzito ulioagizwa. Mashua iliyolipiwa bei ya kifaa bora ilikuwa haibebeki. Iliokolewa na seremala wa meli aliyepatikana papo hapo Zanzibar, ambaye aliikata na kuiunda upya ili ilingane na njia nyembamba na mabega ya wapagazi, na hivyo kifaa cha ghali kikafaa baada tu ya kupita mikononi mwa mtu aliyezijua safari za bara.

Funzo hilo Stanley alilikumbuka mwaka 1887, alipoongoza msafara wa kumwokoa Emin Pasha, daktari Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, gavana wa jimbo la Ikweta chini ya serikali ya Misri, aliyekuwa amekatiwa njia na vita vya Mahdi nchini Sudan na kubaki kandokando ya Nile na Ziwa Albert. Safari hii mashua, iliyopewa jina la Advance, iliundwa kwa feleji iliyopakwa zinki ili isishike kutu, ikiwa na urefu wa futi 28 na upana wa futi 6, na ikagawanywa vipande 12 vya ratili 75, kama kilo 34 kila kimoja. Mahema yalishonwa na kampuni ya John Edgington ya London kwa turubai lililochovywa katika dawa ya shaba ili kuzuia kuoza. Kampuni ya Burroughs Wellcome ilitoa masanduku tisa ya dawa, na duka la Fortnum & Mason likaandaa vyakula vya maofisa vilivyojaa mizigo 40. Wapagazi na askari zaidi ya 600 waliandikishwa Zanzibar, wakapandishwa meli mwezi Februari, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa mto Kongo, kisha wakapanda mto huo kuelekea Ituri.

Kikosi cha mbele cha watu 389 kiliondoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, tarehe 28 Juni 1887. Mto huo, ambao sehemu yake ya juu ndiyo Ituri yenyewe, uliipa Advance nafasi ya kulipa gharama yake mapema, kwa kuwa ilichukua wagonjwa na mizigo kwa wiki nyingi huku wenzao wakipasua msitu kandokando. Palipokuwa na maporomoko iliondolewa majini, ikafunguliwa na kubebwa, na vipande vyake vipana vilidai njia ikatwe upana zaidi ya ule ambao mtu peke yake angehitaji. Njaa ilipozidi, hesabu yote ya London ilivunjika. Mwanzoni mwa Oktoba kapteni Nelson aliachwa kando ya mto pamoja na watu 52 wasioweza kutembea na mizigo 81 isiyo na wa kuibeba, na msaada ulipomfikia mwishoni mwa mwezi, waliobaki naye walikuwa wachache mno. Mizigo ilikuwa imedumu kuliko watu. Mashua nayo ikaachwa Ipoto, kituo cha wawindaji wa pembe za ndovu wa Kimanyema, mahali ambapo Wazanzibari wenye njaa waliuza nguo zao kwa mahindi.

Matokeo ya kuiacha mashua yalidhihirika katika mwambao huu. Tarehe 13 Desemba 1887 msafara, ukiwa umebaki na watu wapatao 170, uliliona ziwa kutoka ukingoni mwa nyanda za juu, ukashuka hadi ufuoni, ukaukuta hauna chombo cha kufaa. Wenyeji walikuwa na mitumbwi midogo ya kuvulia, ambayo isingeweza kuchukua watu na silaha kwa safari ya siku kadhaa katika ziwa lenye mawimbi, na miti ya kuchonga mtumbwi mkubwa haikuwepo katika nyika ile ya mikakaya. Emin alikuwa kaskazini, lakini hakufikika. Stanley akarudi msituni, akajenga Fort Bodo huko Ibwiri mwezi Januari 1888, na luteni Stairs akatumwa Ipoto kuichukua Advance. Ilipoletwa, na msafara kufika tena ziwani mwezi Aprili, mashua ilifungwa, ikatiwa majini chini ya Jephson, mmoja wa maofisa wa msafara, ikafika kituo cha Mswa kwa muda mfupi, na tarehe 29 Aprili Emin akaja kwa meli yake ya mvuke iitwayo Khedive hadi kambi ya Stanley karibu na Nsabe. Miezi minne na nusu ilikuwa imepotea kwa kukosa kilo 400 na kitu za chuma. Kuhusu mashua, basi, hukumu haina utata: ilistahili kila senti, kwa sababu kazi yake haikuweza kufanywa na kitu chochote cha bei nafuu kilichopatikana mahali pale.

Kuhusu malazi, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Katika msitu wa Ituri wanawake wa Kimbuti walijenga, na bado hujenga, kibanda kisichopenya mvua kwa fito zilizopindwa na majani mapana ya mangongo yanayopangwa kwa kufuatana kama vigae, kazi ya saa chache ambayo haiongezi hata kilo moja kwenye safari, kwa kuwa vifaa vyote hukatwa palepale kambi inapowekwa na huachwa palepale inapohamishwa. Majani hunyauka baada ya wiki kadhaa, lakini kambi ya wawindaji kwa kawaida nayo huwa imekwisha kuhama. Wazanzibari wa msafara waliiga ujuzi huo upesi na kulala chini ya majani hayohayo, hivyo kwamba mvua iliyonyesha juu ya hema la London ndiyo iliyonyesha juu ya kibanda cha bure, na waliolala katika kibanda hawakuwa na hema la kubeba asubuhi. Turubai la Edgington lilisifiwa sana na Stanley, ambaye aliandika kwamba lilistahimili siku 300 za mvua na lilipofika Zanzibar mwaka 1889 lingeweza bado kustahimili 200 nyingine. Sifa hiyo ni ya haki, ila ni sifa ya uimara, nayo iliwahusu maofisa wachache waliolala ndani yake.

Majani yalipokwisha, pale msitu unapokutana na nyasi za nyanda za juu, unafuu wa malazi ya bure ulipata sura nyingine ambayo mwanahistoria hawezi kuifumbia macho. Wapagazi, wengi wao wakiwa hawana nguo za kutosha kwa baridi ya usiku wa Ituri, walilala katika nyumba za vijiji ambavyo wenyeji walikuwa wamevikimbia, na mwezi Desemba 1887, katika mapigano na watu wa mtawala Mazamboni, vijiji kadhaa viliteketezwa. Gharama ambayo msafara haukuilipa kwa mahema ya watu wake ililipwa na wenyeji, kwa nyumba zao na maghala yao.

Mwaka 1889 ukaleta mfano wa upande wa pili, yaani vitu vya bei ndogo visivyofaa kubebwa hata kidogo. Watu wa Emin, maofisa na makarani wa Kimisri na Kisudani pamoja na jamaa zao, waliposhushwa ufuoni ili wapande hadi kambi ya Kavalli, walileta mawe ya kusagia, masufuria makubwa ya shaba, vitanda, masanduku mazito, mitungi ya pombe, hata kasuku na njiwa. Wazanzibari ndio walioamriwa kuvipandisha ukingoni, siku baada ya siku, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, kwani walijua kwamba safari ya kwenda pwani ingewalazimu wenye vitu hivyo kuvitupa njiani. Hata hivyo wenye vitu hawakuwa wapumbavu. Waliokuwa wakihama nyumba zao kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yao walichukua nyumba hizo pamoja nao, na uzito hauhisiwi na asiyeubeba. Kati ya Wazanzibari zaidi ya 600 walioandikishwa mwaka 1887, waliorudi Zanzibar mwishoni mwa 1889 walikuwa takriban theluthi moja.

Inafaa kuzingatia kwamba vifaa vyepesi kwa maana halisi vilizaliwa kwingine, na kwa sababu iliyo wazi. Thomas Hiram Holding, mshona nguo wa London aliyeanzisha mwaka 1901 chama cha watu wanaopiga kambi kwa baiskeli, alishona mahema ya hariri yasiyofika kilo moja, kwa kuwa yeye na wenzake walibeba mizigo yao wenyewe. Wakati uleule mahema ya safari za Afrika yaliendelea kuwa ya turubai zito, pamoja na vitanda, meza na beseni za kuogea, kwa kuwa aliyeyachagua na aliyeyabeba walikuwa watu wawili mbalimbali. Teknolojia ya hariri ilikuwepo. Kilichokosekana ni sababu ya mnunuzi kuitaka.

Barabara na meli zilipofika, mwambao wa Kasenyi uliliweka kando swali la uzito kwa muda. Meli Robert Coryndon, iliyoundwa Uingereza na kampuni ya Thornycroft mwaka 1929 na kuletwa vipande vipande hadi Butiaba, upande wa Uganda, ilikuwa Advance kwa kipimo kikubwa zaidi, nayo ilivusha abiria na shehena ziwani bila kuuliza kilo za mtu mmojammoja. Vita vilirudisha swali. Mapema mwaka 2018 maelfu ya watu walivuka ziwa kwa mashua kutoka Tchomia na Kasenyi kwenda Sebagoro nchini Uganda, wakichukua kile tu ambacho mikono iliweza kukamata, na tangu hapo familia nyingi za Ituri zimeishi chini ya turubai la plastiki ambalo watu wengi wa huko huliita shitingi.

Kipande kimoja cha shitingi kinachogawiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kina upana wa mita 4 na urefu wa mita 5, na uzito unaozidi kidogo kilo 4, ilhali hema la familia la shirika hilohilo hukaribia kilo 55 na limekusudiwa kudumu angalau mwaka mmoja. Hema ni bora kwa kambi ambayo lori hufika na ambayo watu wake wanatarajiwa kukaa. Lakini kwa familia ya mwambao huu, ambayo huenda ikalazimika kuondoka usiku na mtoto mgongoni, shitingi iliyofungwa juu ya miti iliyokatwa palepale ndiyo kifaa kinachofaa zaidi, kwa kuwa mama mmoja anaweza kuikunja na kuondoka nayo.