Wanamuziki wa Matofali ya Plastiki

Sanaa ya kuunda visanamu vya wanamuziki kwa matofali ya kuchezea, na kuvipeleka mashindanoni vikapimwe na waamuzi, huonekana kuwa mchezo wa juzi tu uliozaliwa pamoja na intaneti, ilhali mizizi yake imo katika tatizo ambalo watengenezaji wa matofali hayo walilibeba kwa robo karne bila kulipatia jibu la kuridhisha, yaani namna ya kumuunda binadamu kwa kitu kilichobuniwa kwa ajili ya kuta na mapaa. Tofali linalozungumziwa hapa ni kile kipande cha plastiki chenye vinundu vya mviringo juu na mirija tupu chini, ambacho hushikamana na kingine kwa kubanwa tu, bila gundi wala msumari.

Asili yake ni Billund, kijiji cha rasi ya Jutland nchini Denmark, ambako seremala Ole Kirk Christiansen alianza mwaka 1932 kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao baada ya mdororo wa uchumi kumkosesha kazi za ujenzi. Kampuni yake, ambayo baadaye ilipewa jina la LEGO, ilinunua mashine ya kumimina plastiki katika kalibu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1949 ikatoa matofali yake ya kwanza ya plastiki, ambayo kwa haki yapaswa kuhesabiwa kuwa watoto wa matofali ya Mwingereza Hilary Fisher Page, mmiliki wa Kiddicraft, kwa kuwa mfano ulitoka kwake. Matofali hayo ya awali yalikuwa matupu ndani na yalishikana kwa ulegevu, hata mtoto hakuweza kuinua alichokijenga bila kukibomoa. Kasoro hiyo iliondolewa tarehe 28 Januari 1958, siku ambayo Godtfred, mwana wa Ole Kirk, aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mfumo wa vinundu na mirija ambao unatumika hadi leo.

Kwa miaka mingi baada ya hapo nyumba za matofali zilibaki bila wakazi wanaolingana nazo, mpaka mwaka 1974 ilipotolewa seti ya familia ya baba, mama, watoto wawili na bibi, ambao walikuwa na vichwa vya duara vyenye sura zilizochapwa na mikono inayopindika, lakini viwiliwili vyao vilijengwa kwa matofali ya kawaida. Seti hiyo ilinunuliwa sana, pengine kwa sababu ilimwachia mtoto kazi ya kuamua umbo la mwili, ingawa watu wake walikuwa wakubwa mno kuishi katika nyumba ambazo watoto walizoea kujenga. Mwaka huohuo kampuni ya Ujerumani ilianza kuuza wanasesere wa Playmobil waliobuniwa na Hans Beck, wenye kimo cha sentimita 7.5 na mwili usiohitaji kujengwa, na ushindani huo haukuweza kupuuzwa. Jaribio la Billund la mwaka 1975, la visanamu vidogo visivyo na sura wala viungo vinavyosogea, lilikuwa hatua ya mpito tu.

Jibu lililodumu lilikuja mwaka 1978 kwa mkono wa mbunifu Jens Nygaard Knudsen, aliyefariki mwaka 2020, ambaye alisimamia kuundwa kwa kisanamu chenye kimo cha matofali manne, kama sentimita 4 hivi, chenye miguu na mikono inayosogea, ngozi ya manjano, macho mawili ya nukta na tabasamu moja kwa wote, awe askari, mganga au mwanaanga. Rangi ya manjano na sura isiyobadilika vilichaguliwa kwa makusudi ili kisanamu kisiwe cha taifa wala kabila lolote, na mtoto ndiye aamue ni nani. Kwa mchezo wa mtoto uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini kwa mtu anayetaka kumuunda mwanamuziki ulikuwa kikwazo, kwa maana mwanamuziki hutambulikana kwa mambo yaleyale ambayo kisanamu hicho kilinyimwa: sura yake mwenyewe, rangi yake, nywele zake, na namna mwili wake unavyokikumbatia chombo anachokipiga.

Jambo hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo lastahili kufafanuliwa. Mkono wa kisanamu cha mwaka 1978 huzunguka begani tu, kwenda mbele na kurudi nyuma, wala hauna kiwiko. Kiganja chake ni kibano chenye umbo la herufi C ambacho hushika fimbo yenye unene wa milimita 3.2 hivi na huweza kugeuzwa pale kilipochomekwa. Matokeo yake ni kwamba mikono miwili haiwezi kukutana kifuani, na mpiga gitaa, ambaye katika uhalisia mkono wake mmoja huwa shingoni mwa gitaa na mwingine kwenye nyuzi, hulazimika kulishika gitaa kwa kiganja kimoja kama mtu aliyebeba jembe. Mpiga fidla hana hata njia hiyo, kwa kuwa kidevu chake hakiwezi kuinama. Mpiga ngoma ndiye mwenye nafuu, kwani fimbo zake huingia viganjani sawasawa na kazi yake yote ni ya kupandisha na kushusha mikono. Haishangazi kwamba katika bendi za visanamu yeye ndiye huonekana kuwa anapiga kwelikweli.

Sura zilianza kubadilika mwaka 1989, pale mfululizo wa maharamia ulipoleta ndevu, vitambaa vya jicho na midomo iliyokunjwa, na mwaka 2003 rangi halisi za ngozi zikaingia kupitia wachezaji wa mpira wa kikapu wa ligi ya NBA na mhusika Lando Calrissian wa filamu za Star Wars. Tangu mwaka 2010 kampuni ilianza kuuza visanamu kimojakimoja katika mifuko isiyoonesha kilichomo, na humo wanamuziki walipata nafasi yao: mwanamuziki wa panki mwaka 2011, mpiga zumari la mfuko mwaka 2012, mpiga saksafoni mwaka 2013. Huyo wa mwisho, aliyewakilisha muziki wa jazi uliozaliwa kati ya Wamarekani weusi wa New Orleans, bado alikuwa wa manjano, jambo linaloonesha jinsi kanuni ya kutokuwa na kabila inavyoweza kufuta historia bila kukusudia.

Mashindano nayo yalikuwa yakikua kando ya historia hiyo. Fainali ya kwanza ya kombe la dunia la ujenzi ilifanyika Billund mwezi Agosti 1988 na kuwakutanisha watoto 38 kutoka nchi 17, lakini miaka iliyofuata watu wazima ndio waliochukua uwanja na kujiwekea masharti makali kuliko ya watoto: tofali lisikatwe, lisipakwe rangi, lisitiwe gundi, na kazi iwe imebuniwa na mshindani mwenyewe. Sharti la upya lingeweza kudhaniwa kuwa zito, kwa kuwa wote hutumia vipande vilevile, lakini mwanahisabati Søren Eilers wa Denmark alionesha kwamba matofali sita tu yenye vinundu vinane na rangi moja yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765, hivyo uhaba hauko katika vipande. Wajenzi wenye ujuzi walizidi kuipanua nafasi hiyo kwa mbinu ya kugeuza matofali ubavu au kuyapindua, ili vinundu visielekee juu peke yake, na kwa mbinu hiyo shavu, bega na mkunjo wa koti vikawezekana.

Mwaka 2008 kampuni ilifungua nchini Japani mpango wa kupokea kazi za wajenzi wa kawaida, ukaenea duniani mwaka 2011 na kuitwa LEGO Ideas mwaka 2014. Kazi ikipata wafuasi 10,000 hujadiliwa na wataalamu, na ikikubaliwa hugeuzwa seti ya kuuzwa, naye mbunifu hupata asilimia moja ya mauzo halisi. Kwa njia hiyo Beatles walitoka mwaka 2016 wakiwa na nyambizi yao ya manjano. Mwaka 2020 mpango huohuo uliendesha shindano lililohusu muziki peke yake, na mshindi, kijana wa Slovakia, alileta si mwanamuziki bali chombo, gitaa la Fender Stratocaster, ambalo liliuzwa kuanzia mwaka uliofuata likiwa na vipande 1,074. Waamuzi hawawezi kulaumiwa kwa hilo: gitaa la umeme lina umbo linalojulikana na kila mtu, halipumui wala halina mkao, na tofali huliweza kwa urahisi kuliko linavyomweza mpigaji wake.

Mpigaji alipatikana mwaka 2022, katika seti ya bendi ya jazi ya watu wanne iliyobuniwa na Hsinwei Chi wa Taiwan, yenye vipande 1,606. Wanamuziki wake, yaani mpiga piano, mpiga besi kubwa ya kusimama, mpiga tarumbeta na mpiga ngoma, si visanamu vya kalibu bali ni miili iliyojengwa kipande kwa kipande, yenye viwiko, mabega yaliyoinama na magoti yaliyokunjwa. Alichokifanya mbunifu huyo ni kurudi nyuma ya mwaka 1978 hadi kwenye familia ya mwaka 1974, ambayo miili yake ilijengwa, na kuuchukua ule ukubwa uliohesabiwa kuwa kasoro akaufanya kuwa nafasi ya kuweka viungo. Hapo ndipo tarumbeta ilipoweza kushikwa kwa mikono miwili.

Kampuni yenyewe ilikuwa imejaribu njia iliyo kinyume mwaka mmoja kabla, iliposhirikiana na Universal Music Group kutoa mfululizo wa Vidiyo, wenye wanamuziki wa kubuni waliokamilika tayari, ambao mtoto aliwaweka mbele ya kamera ya simu ili programu iwachezeshe. Mtoto hakuachiwa cha kujenga isipokuwa video, na mfululizo huo haukuvuka sana mwaka wa kuzaliwa kwake. Visanamu vya kalibu havikuachwa kwa sababu hiyo, kwani mwaka 2023 kundi la BTS la Korea Kusini lilitoka kwa njia ya LEGO Ideas likiwa na wanamuziki saba wanaotofautishwa kwa nywele, mavazi na sura zilizochapwa. Nao, kwa kuwa ni waimbaji na wachezaji wa jukwaani, hawakuhitaji kushika ala yoyote.