Ua wa Wakongwe

Mkongwe wa Unguja aliyeulizwa umri wake katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini hakujibu kwa kutaja mwaka, kwani kuandikisha uzazi hakukuwa desturi ya mjini wala ya shamba, bali alitaja tufani: alisema kwamba siku ile upepo ulipong'oa minazi yeye alikuwa angali akinyonya, au alikuwa kijana wa kuchunga mbuzi, au alikuwa mwari aliyekwisha kuposwa. Tufani hiyo ilipiga tarehe 15 Aprili 1872, ikailaza chini mikarafuu na minazi ya Unguja, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Na kwa miaka mingi baada yake ikawa ndiyo daftari la umri wa watu, hata wale waliozaliwa nyuma yake walipoanza kujihesabia kwa mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipolipiga jumba alimokuwamo Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha usultani, kwa muda usiotimia saa moja. Wenzao wa Mombasa walijihesabia kwa reli, ambayo ilianza kujengwa mwaka huo huo.

Palikuwa na daftari la pili, nalo lilikuwa hai. Kitovu cha mtoto mchanga kilipokatika kilizikwa, na mahali pengi pa pwani paliwekwa juu yake mche wa mnazi, ukawa wake yule mtoto tangu siku hiyo, hata kama ardhi uliposimama ilikuwa ya mtu mwingine. Maana katika ada ya pwani mti una mwenyewe na udongo una mwenyewe, na mtu aliweza kuuza, kurithisha au kuweka rehani minazi mitatu bila ya kugusa shamba. Mnazi mrefu wa asili huanza kuzaa ufikapo mwaka wa sita hadi wa nane, na huendelea kuzaa miaka sitini, themanini, pengine zaidi. Basi mtu na mti wake walikwenda sambamba: walikua pamoja, wakafikia nguvu zao pamoja, na mtu alipokuwa shaibu wa kutembelea mkongojo, mnazi wake nao ulikuwa umepanda juu hata mkwezi akauogopa, na nazi zake zimekuwa chache na ndogo. Mkongwe aliyetaka kujua amebakiwa na nini alikuwa na mahali pa kutazama.

Lakini mnazi ulikuwa wa kutazamwa. Pa kufanyia kazi palikuwa ua. Lugha yetu yaita ua pale palipozungukwa nyuma ya nyumba, na yaita ua lile chanuo la mti, na katika nyumba za zamani mambo hayo mawili hayakuwa mbalimbali. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na uwanja wa ndani usio na paa, unaoitwa kiwanda, ambamo wanawake wa kiungwana waliokuwa katika utawa, wasiotoka mchana ila kwa shiraa, yaani ndani ya pazia la nguo lililobebwa kuwasitiri, walipata jua na hewa. Na nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo ya Unguja, na za Majengo ya Mombasa, zilikuwa na ua wa nyuma wenye wigo wa makuti, kisima au mtungi, meko, kamba ya nguo, na penye pembe yake vipando vya nyumbani. Yalipoingia madebe ya mafuta ya taa kutoka Marekani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, debe lililokwisha mafuta halikutupwa: lilitobolewa chini kwa msumari, likatiwa udongo na samadi ya mbuzi, likawa shamba la mtu asiyeweza tena kwenda shamba.

Na mtu huyo, kwa kawaida, alikuwa mkongwe wa nyumba. Jiko lilikwisha kuwa la mkamwana, baraza ilikuwa ya mwanamume, chumba cha mbele cha wageni. Ua ulikuwa wa bibi, au nyanya kama wasemavyo Mombasa, na hapana aliyekata jani bila ya idhini yake. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke juu ya desturi hii, kwa sababu wengi huikumbuka kama pumbao la wazee, na haikuwa pumbao. Ilikuwa kazi yenye cheo. Watu wazima wa nyumba walipomnyang'anya mkongwe jembe, mwiko na funguo, kwa heshima na kwa huruma, hawakumwacha mikono mitupu. Walimpa, au tuseme walimwachia, mahali ambapo nyumba nzima ilimhitaji.

Tazama jinsi siku yake ilivyokwenda. Baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, alitoka akiwa na kigoda, kijembe kifupi na kata, akaketi palipo na kivuli, akapalilia mpaka mkono ulipoweza kufika, kisha akasogeza kigoda. Maji yaliyooshewa mchele aliyaweka kwa asumini. Vumbi la mkaa na maganda ya ndizi alijua pa kuyafukia. Aliyepatwa na baridi yabisi ya magoti, maradhi ambayo wakongwe wa pwani wameyalalamikia tangu zamani, alikandwa kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, lakini alikandwa ili ainuke, si ili alale. Na katika kuinama, kuketi, kuinuka na kuchota, viungo vilipata mwendo wao wa kila siku bila ya mtu kuuita mazoezi. Matabibu wa leo huwaagiza wazee mambo hayo hayo. Tofauti ni kwamba yeye hakuagizwa: mrehani usiponyweshwa siku mbili ulikuwa ukinyauka, na huo ndio uliokuwa wito wake.

Liko jambo moja katika ua huo ambalo kila nikilifikiri laniingia moyoni. Mimea iliyopendwa na wakongwe karibu yote ni ya harufu: mrehani, asumini, mchaichai, mnanaa, mkadi, mlangilangi. Mtoto wa jicho aliwapofusha wazee wengi, na mara nyingi hapakuwa na wa kumwondoa. Lakini asiyeona, akipitisha kiganja juu ya majani na kukileta puani, alijua yupo mbele ya kipando gani, tena alijua kama kina kiu. Bustani ya maua mekundu na ya manjano yasiyo na manukato ingalimfungia mlango mtu huyo. Ua wa bibi haukumfungia.

Hesabu ya misimu nayo ilikuwa kifuani mwake. Watu wa pwani, pamoja na mwezi wa Kiislamu unaokwenda na ibada, walikuwa na mwaka wa jua uanzao kwa Nairuzi, wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo thelathini na sita ya siku kumi kumi na siku tano za kumalizia. Na kwa miongo hiyo mabaharia walijua siku ya kutweka tanga, na wakulima walijua lini masika yakaribia na lini vuli itawadanganya. Kijana alitazama mawingu, mkongwe alihesabu miongo. Alikuwa amekwisha kuziona kaskazi na kusi zikipokezana mara sabini au themanini, na mkwe wake alipotaka kupanda muhogo mapema, ni yeye aliyemwambia, "Ngoja, baba, ardhi haijashiba."

Je, nyumba ilimhitaji kwa nini hasa? Kwa milango yote mitatu ya maisha. Alipozaliwa mtoto, mzazi alikaa ndani siku arobaini chini ya uangalizi wa wanawake watu wazima, na kilichotoka uani ndicho kilichotiwa katika maji yake ya moto na chai yake. Na mtoto huyo alipofika kuachishwa ziwa, shubiri iliyopakwa chuchu ilitoka katika mshubiri uliooteshwa kando ya wigo. Alipougua homa, mchaichai na majani machungu ya mwarobaini vilichemshwa. Alipoendesha, ganda la komamanga lilitafutwa. Sisemi kwamba kila jani liliponya, maana makaburi ya watoto wa zama zile yashuhudia vingine, na kazi ya chanjo haiwezi kufanywa na mitishamba. Nasema kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyeamshwa usiku wa manane akaulizwa, na mtu anayeulizwa usiku wa manane hajihisi kuwa mzigo.

Katika harusi alikuwa na neno kubwa zaidi. Hina ya bibi arusi ilichumwa katika mhina wake. Vikuba, vile vishada vya asumini, mrehani na mkadi vivaliwavyo kifuani au nyweleni, vilifungwa na vidole vyake. Na kwa kuwa asumini hufunguka usiku, alizichuma zingali matumba, jua likianza kushuka, akazitunga uzini, zikachanua shingoni mwa mwenyewe. Ajuza wengi walijipatia senti zao kwa kuuza makoja na vikuba magharibi ilipokaribia, senti ambazo hawakumwomba mtoto wala mjukuu, wakanunua kwazo tambuu yao na kuwapa wajukuu peremende.

Mlango wa tatu wajulikana. Maiti huoshwa kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, kaburi huwekwa mrehani, na nyumba yenye mkunazi wake haikuwa na haja ya kubisha hodi kwa jirani usiku wa msiba. Palikuwa na wakongwe walioupanda mkunazi wao wenyewe, wakaunywesha, wakawaonyesha wajukuu ni tawi lipi la kukatwa, kwa utulivu ule ule walioonyeshea mahali ilipo sanda.

Ningependa kuishia hapo, penye kivuli, lakini historia ya bustani ya pwani si ya kivuli tupu. Mashamba ya karafuu yaliyoitajirisha Unguja tangu zama za Sultani Seyyid Said yalilimwa na watumwa, na watumwa nao walizeeka. Utumwa ulipobatilishwa kwa sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mtu wa miaka sabini aliyelima shamba la mwingine maisha yake yote alijikuta yu huru bila ya ukoo uliokaribu, bila ya nyumba, na bila ya mti. Wengi walibaki pale pale kama wakaazi kwa ruhusa ya mwenye shamba, wakiruhusiwa kupanda muhogo, kunde na viazi chini ya minazi, ila wakikatazwa kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa mti, kama nilivyosema, una mwenyewe, na apandaye mnazi leo mwanawe atadai kesho. Wakaishi uzee wao wote wakipanda vitu vya msimu mmoja. Ada ile ile iliyompa mtoto wa mwungwana mnazi siku ya kitovu chake ilimnyima mkongwe mwingine haki ya kuotesha mwembe ambao asingaliula yeye. Sijui dhuluma iliyokwenda kimya kuliko hiyo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ya Unguja na Pemba ilifanywa mali ya Serikali, na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Na hata yakisemwa mengi juu ya miaka ile, wapo wazee walioushika mche wa mkarafuu kwa mara ya kwanza wakijua kwamba hapana atakayekuja kuung'oa.

Siku hizi ua wapungua. Miji imejaa, viwanja vimekatwa vikawa vyembamba, wigo wa makuti umekuwa ukuta, na udongo umemwagiwa saruji ili usilete matope. Na aliyehamia katika majumba ya ghorofa hana kiwanda wala pembe. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwapa pensheni jamii wote waliotimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi hapo mwanzo, na Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa shilingi zake 2,000 kwa umri huo huo. Ni mambo mema na ya haki, na ajuza aliyekuwa akiuza vikuba angaliyashukuru. Lakini fedha hizo humtazama mkongwe kama mtu wa kupewa, ilhali ua ulimtazama kama mtu wa kuombwa.

Basi wewe unayechora nyumba yako mwaka huu, na mama yako angali hai, usimwage saruji mpaka ukutani. Acha mikono sita ya udongo karibu na mlango wa jiko, upande upatao jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, pasipo kidato cha kupanda wala cha kushuka, na maji yawe karibu. Kisha mwulize yeye papandwe nini.