Sahihi ya babu, au mkono wa karani?

Wale mnaodhani mwandiko wa mtu ni kama alama ya kidole, twendeni kidogo Tanga ya miaka ya 1890. Msomi wa Pangani aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto. Kisha Wajerumani wakafungua shule ya serikali Tanga mjini, vijana wakafundishwa herufi za Kilatini. Mtu mmoja akawa na miandiko miwili isiyofanana hata kidogo.

Sasa tuseme ndugu wanagombania shamba la minazi, na mmoja anadai sahihi ya babu kwenye hati ya zamani imeghushiwa. Mtaalamu wa miandiko atataka sampuli, yaani maandishi ambayo hayana ubishi kuwa ni ya babu. Barua zake za Kilatini hazitasaidia kupima hati ya Kiarabu. Miaka nayo isipishane sana, maana mkono huzeeka na mwenyewe.

Halafu kuna karani. Pwani barua ya mkubwa mara nyingi iliandikwa na karani, mwenyewe akaweka sahihi tu. Hata tenzi ni hivyo hivyo. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, vile ambavyo Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, lakini tenzi zilinakiliwa na watu wengine. Jina la mtunzi si ushahidi wa mkono.

Mtauliza, si mtuhumiwa aambiwe tu aandike? Sheria iliruhusu. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyotumika Tanganyika chini ya Waingereza mpaka tulipotunga yetu mwaka 1967, kiliipa mahakama uwezo huo. Ila mimi nikisikia habari ya imla namkumbuka Kapteni Alfred Dreyfus. Oktoba 1894, Paris, aliandikishwa barua na maofisa waliokwisha kuamua kumkamata. Wakadai mkono wake ulitetemeka! Mwaka 1896 ofisa mwingine, Georges Picquart, akaziona barua za kawaida za Esterhazy. Mwandiko ulikuwa ule ule wa karatasi iliyomfunga Dreyfus. Barua ambazo mwandishi wake hakujua zitapimwa ndizo zilisema kweli, ingawa Dreyfus alisafishwa mwaka 1906 tu.

Kwa herufi za Kilatini Tanga haina shida sana. Ulikuwa mji wa makarani. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha hapo chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Karani aliyejaza daftari kila siku aliacha sampuli safi bila kukusudia.

Herufi za Kiarabu ndizo zinanitia wasiwasi. Sampuli zake ziko masandukuni mwa familia: hesabu za duka, barua za harusi, orodha ya madeni. Sheria humsikiliza pia mtu anayeujua mwandiko wa mwenzake kwa kuuzoea, na wazee wa namna hiyo wanapungua. Kama bibi yako bado anaweza kusema "huu mkono wa baba yangu", mwulize leo, uandike jibu lake kwenye karatasi ya pembeni. Si juu ya hati yenyewe, tafadhali.