Kopo la Makaa

Mwaka 2018 nilikuwa nakaa kwenye ploti moja Kawangware, na habari za kuokoa misitu zilinifikia kupitia kopo. Mama aliyetuuzia makaa pale langoni hakupandisha bei. Alibadilisha kopo. Lile kubwa lilipotea, likaja dogo, pesa ni zilezile. Tulipomnung'unikia akasema, "Msiniangalie hivyo, gunia limenishinda hata mimi."

Januari mwaka huo kaunti ya Kitui ilikuwa imepiga marufuku biashara ya makaa. Tarehe 24 Februari, Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, akatangaza marufuku ya siku 90 ya kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mito ilikuwa imekauka, kwa hivyo sababu ilieleweka. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, hadi 2023.

Majirani wengi walitoa stovu chini ya kitanda. Haikuchukua muda. Septemba 2018 serikali iliweka ushuru mpya wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa. Ilisema inawazuia wanaochanganya mafuta hayo na dizeli, na tukaambiwa pia kwamba moshi wake unatuua, tuhamie gesi. Kweli, gesi ilikuwa imeondolewa VAT mwaka 2016. Lakini gesi haipimwi kwa kopo. Ukipata kibarua leo unanunua mafuta ya leo. Mtungi unataka pesa ya mwezi mzima kwa mkupuo. Na waliojikaza wakanunua mtungi? Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudishwa. Mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8, na 2023 ikaondolewa.

Kutoka kwetu ukitembea kidogo tu unaingia Lavington. Huko watu walikuwa wanapikia gesi na stima tangu zamani. Marufuku haikugusa sufuria zao, na ushuru wa mafuta taa hawakuulipa hata senti. Ila maji ya Ndakaini, yanayotegemea misitu ya Aberdare, yanafika kwao kwa bomba. Sisi tulinunua kwa mtungi wa lita 20. Aliyelipia zaidi ulinzi wa msitu ndiye aliyepata maji kidogo zaidi.

Sisemi misitu ikatwe. Nasema tuliwahi kufanya vizuri kuliko hivi. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mbadala, uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wataalamu na mafundi wa jua kali, wakiwemo wa Shauri Moyo, walitengeneza jiko la mabati lenye udongo wa kuchoma ndani. Linakula makaa kidogo kuliko lile la bati tupu. Miti ilipata nafuu, na mama wa nyumba naye akabakiwa na kitu mfukoni. Alipewa jiko kwanza. Hakuanza kwa kunyang'anywa makaa.

Marufuku ilipoondolewa Julai 2023, nilipita kwa yule mama kumsalimia. Nikamuuliza kwa utani kama kopo kubwa litarudi. Alicheka, akanijazia lile dogo, akaongeza vipande viwili juu.